Kuku 12, Mayai 12 na Staa Asiye na Jina: Nani Aliwalisha Kuku wa Njia ya Misafara?

Najua wengi mnaingia hapa kutafuta "msanii fulani" na "mrembo mmoja wa mjini", wale watu ambao hatuwataji halafu nyie kwenye maoni mnabahatisha majina mpaka saa nane usiku. Leo pia nina mtu asiye na jina. Ila huyu sijamficha mimi. Walioandika historia ndio walimwacha nje, na hata mkibahatisha mpaka asubuhi hamtampata.

Twende Tabora, Juni 1871.

Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyetumwa kumtafuta Livingstone, anafika Unyanyembe baada ya kutembea miezi mitatu kutoka Bagamoyo. Anapewa nyumba Kwihara, huko huko ambako leo pana makumbusho ya Livingstone. Hata vumbi la njiani halijamtoka vizuri, Waarabu wa Tabora wanamtumia mapokezi. Kwenye kitabu alichotoa mwaka 1872 ameyaorodhesha yote kama kamati ya harusi inavyoandika michango: sinia kubwa la wali, bakuli la mchuzi wa kuku, mikate ya ngano, maandazi ya moto, mapapai, makomamanga na malimau. Nyuma yake ng'ombe 5 walionona, kondoo 8, mbuzi 10. Halafu mwisho kabisa wa foleni, mtu mmoja na kuku 12 na mayai mapya 12.

Stanley akawasifu Waarabu kwa ukarimu wao, akaendelea na mambo yake. Mimi nimebaki na yule wa mwisho kwenye foleni.

Hebu tupige hesabu kidogo. Mayai 12, tena mapya. Kuku wa kienyeji anataga yai moja kwa siku, na siyo kila siku, na akishafikisha kumi na kitu anaacha kutaga anaanza kuatamia. Ukitaka mayai 12 mapya kwa wakati mmoja lazima kuwe na mitetea mingi inayotaga, na juu yake uwe na kuku 12 wa kutoa zawadi bila kumaliza banda. Iwe yalitoka boma moja au yalikusanywa nyumba kwa nyumba, kuna mtu aliyejua kila mtetea anatagia wapi, yupi anaatamia asisumbuliwe, yai lipi ni la jana na lipi limekaa. Huyo ndiye staa wetu. Na swali langu kwake ni moja tu: hao kuku aliwalisha nini?

Msicheke. Hilo swali lina undugu na mfuko wa chakula cha kuku unaouzwa dukani leo, na kuna mama mtaani kwetu nusura limfilisi. Tutafika kwake.

Kwanza muijue Tabora ya wakati ule. Waingereza Burton na Speke walipofika Novemba 1857 waliikuta ikiitwa Kazeh, na Waarabu walishajenga tembe zao na mabustani. Ilikuwa njia panda. Ukitoka Bagamoyo unafika hapa, halafu unachagua: magharibi kwenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, au unashuka kusini. Pembe za ndovu zilipita hapa. Watu waliokamatwa utumwani walipita hapa. Na mizigo mingi ilibebwa na Wanyamwezi wenyewe, ambao walishaanza kwenda pwani na pembe zao tangu mwanzoni mwa karne ya 19, kabla Waarabu hawajaweka makazi Unyanyembe. Mpagazi mmoja alibeba karibu kilo 30 begani. Miembe mnayoiona imejipanga kuelekea Ujiji ni kumbukumbu ya njia hiyo, na tangu 2006 njia nzima ipo kwenye orodha ya awali ya UNESCO, ikisubiri kukubaliwa kuwa urithi wa dunia.

Sasa watu wakisikia "msafara" wanawaza bunduki, bendera na ngoma. Mimi nawaza tumbo. Mpagazi alilipwa posho, na posho ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, sawa na gramu mia saba hivi. Msafara wa watu 500 unamaliza vibaba 500 kila siku inayochomoza, na ukisimama Tabora wiki tatu kungoja mvua ipungue au vita viishe, fanya hesabu mwenyewe. Nafaka hiyo haikubebwa kutoka Bagamoyo. Ilinunuliwa njiani kwa merikani, kaniki na shanga, kutoka kwa watu waliolima.

Na kuku ndiyo ilikuwa chenji. Huwezi kuchinja ng'ombe kwa ajili ya watu watatu. Huwezi kumpa mgonjwa wa homa nyama ngumu ya mbuzi, utampa supu ya kuku. Wageni wakubwa walinunua kuku kijiji baada ya kijiji kwa kete za shanga. Kwa mwenye nyumba ilikuwa biashara ya haraka kuliko zote: msafara unaonekana kwa mbali, mtoto anatumwa kukamata kuku wawili, jioni mama ana shanga mkononi. Hakuna kusubiri mavuno.

Kuku alikuwa na kazi nyingine pia. Kwa Kinyamwezi anaitwa ngoko, na mfumu, yaani mganga mwenye kuagua, alimpasua kifaranga na kusoma ndani yake sababu ya ugonjwa au hatima ya safari. Kwa hiyo hata nyumba isiyouza kuku kwa wageni ilihitaji kuku. Ukiwa na mgonjwa usiku na huna kuku, unamwamsha jirani.

Kuhusu kuku wenyewe, wala msidhani waliletwa na misafara. Asili yake ni Asia, lakini alishazoea bara letu muda mrefu kabla ya hizo tembe za Kwihara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wamewagawa kuku wa kienyeji wa Tanzania kwa aina, na Tabora tuna wetu, Singamagazi, miongoni mwa wale wenye maumbo makubwa. Jirani zetu wana Kuchi, yule mrefu mwenye shingo kama anataka ugomvi. Halafu kuna jambo limenifurahisha: kwa Kiswahili "tembe" ni ile nyumba ya paa bapa la udongo ambayo Waarabu na Wagogo walijenga, na "tembe" hiyo hiyo ni kuku jike. Stanley alilala kwenye tembe akala tembe.

Turudi kwa staa wetu. Kwa nini nasema alikuwa mwanamke? Angalieni kalenda. Mavuno Unyamwezi yanaisha kama Mei, Juni. Wanaume wengi, hasa vijana, waliondoka kiangazi kwenda pwani na mizigo, kwa sababu kijana ambaye hajawahi kuona bahari alichekwa. Walilenga kurudi mvua za kwanza zikianza waje kulima. Wapo wanawake waliokwenda nao, na wengine walibeba mizigo, hilo tusilifute. Lakini waliobaki nyumbani na shamba, watoto, wazee na kuku walikuwa wanawake wengi zaidi. Na kwenye tembe za matajiri kulikuwa na kundi la pili, wanawake watumwa, waliokatwa na kwao wakaletwa kupika, kutwanga na kumwagilia bustani za mtu mwingine. Kuku 12 wa Stanley wametoka kwenye mkono wa mmoja wa hawa. Ama mama wa kijijini aliyewauza kwa shanga zake, ama mtumwa wa tembe ambaye hakupata hata shanga. Kwangu hizo ni hadithi mbili tofauti kabisa, na kitabu kimezifanya moja kwa kuandika "kuku 12".

Mpishi wa Livingstone, Halima, yeye ana bahati. Jina lake limebaki kwenye maandishi kwa sababu mzee alimsifia kwa Stanley jinsi alivyompikia. Halima ameingia kwenye historia kupitia sufuria. Aliyefuga kilichoingia kwenye hilo sufuria hakuingia.

Haya, chakula sasa. Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Kama nafaka ndiyo posho ya mpagazi, na nafaka hiyo hiyo ndiyo inayonunua kaniki, hakuna mama mwenye akili atakayewamwagia kuku mtama safi kila asubuhi. Ungekuwa unawamwagia hela. Kuku walikula kile ambacho msafara haununui. Ukiwauliza bibi waliokulia vijijini Uyui au Sikonge kabla ya chakula cha dukani kuenea, watakwambia mwaka wa kuku ulivyokuwa, na mwaka huo unafuata mvua, ambazo hazijabadilisha tabia sana tangu enzi za Stanley.

Kuanzia Novemba mvua zikifunguka, kila kitu ni kijani. Mgagani unaota wenyewe kwenye majalala, mlenda unaota, mchicha pori unaota, na kunde zikishatambaa mama anachuma majani kila siku. Yale mazuri yanaingia chunguni. Yaliyotobolewa na wadudu, mashina magumu, mizizi yenye udongo, hayo yanatupwa nje mlangoni, na kuku wanajua saa ya mboga kuliko watoto wanavyojua saa ya kula. Wadudu nao ni wengi msimu huo, kumbikumbi wakiruka ndiyo kabisa. Kiini cha yai kinakuwa cha njano iliyokolea. Ule unjano unatoka kwenye majani, na humo humo ndimo mwenye kuku anapatia malighafi ya vitamini A. Kuku aliyekosa majani muda mrefu macho yanavimba na kutoa uchafu, watu wanasema karogwa.

Mavuno yakifika kuna uwanja wa kupuria. Mtama na uwele unaomwagika chini ni wa kuku, pamoja na wishwa baada ya kutwanga. Hapo ndipo kuku wananenepa na kutaga vizuri. Sasa oneni, Stanley kafika Juni. Mayai yake 12 yalikuwa ya msimu huo wa neema. Angefika Oktoba sijui kama wangepatikana watu wa kumpa mayai kirahisi hivyo.

Maana Agosti mpaka Oktoba ndiyo mtihani. Tabora inakuwa kahawia. Hakuna jani. Hapo ndipo mama wa Kinyamwezi anaonyesha uzoefu. Majani ya kunde alishayachemsha na kuyaanika wakati wa mvua, yakawa nsansa, mboga inayokaa miezi bila friji. Viazi vitamu navyo alishavikata na kuvikausha vikawa michembe, au akavichemsha kwanza kisha akavikausha vikawa matobolwa. Makombo ya hivyo vyote yanaishia kwa kuku. Na vifaranga wanatafutiwa mchwa: unachukua chungu kibovu, unajaza mavi makavu ya ng'ombe na mabua yaliyoloweshwa kidogo, unakigeuza juu ya njia ya mchwa kwenye kichuguu, unakiacha usiku. Asubuhi unakung'uta, vifaranga wanapata nyama. Vichuguu tunavyo, misitu yetu ya miombo imejaa. Nyama hiyo haina bei, na mpaka leo vijijini wapo wanaofanya hivyo.

Kitu kingine kilichonishangaza ni kwamba mboga zenyewe zina historia ya safari. Kunde, mlenda na mgagani ni za Afrika. Lakini mhogo, kwa maana ya kisamvu, na viazi vitamu, kwa maana ya matembele, asili yake ni Amerika. Mahindi vilevile. Vilivuka bahari, vikaingia bara, na njia za biashara zilisaidia kuvisambaza. Kwa hiyo kuku wa Unyanyembe aliyekuwa anadonoa matembele nyuma ya nyumba alikuwa anakula mgeni aliyesafiri mbali kuliko Stanley.

Miezi miwili baada ya yale mapokezi kila kitu kiliharibika. Agosti 1871 Mirambo alipigana na Waarabu, akaingia mpaka Tabora na sehemu ya mji ikachomwa moto. Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa mji, aliuawa. Stanley akalazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Vitabu vina majina ya wapiganaji. Mimi nawaza nyumba zilizochomwa zilikuwa na kuku darini na chini ya vitanda, na wanawake waliokimbia hawakukimbia na matenga ya kuku vichwani. Wakarudi, wakaanza tena na mtetea mmoja wa kuazima. Kuku ndivyo alivyo, ukibaki na mmoja hujaisha.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kazi ya upagazi kwenye njia ile ilikufa. Biashara ya kuku haikufa, ilihamia stesheni. Mliopanda treni ya reli ya kati mnajua ikisimama Saranda inakuwaje. Akina mama wanakimbilia madirishani na masinia kichwani, kuku wa kienyeji kakaangwa, mayai ya kuchemsha, chumvi kwenye karatasi. Treni ikianza kuondoka mnapeana chenji mikononi huku anakimbia. Ni ule ule msafara, wageni wenye njaa wanapita, wenyeji wanawauzia kuku. Na muuzaji bado humjui jina.

Sasa huyu mama wa mtaani kwetu. Simtaji, mnisamehe, ila safari hii kuna sababu, hajaniruhusu. Yupo Tabora mjini, mume alishaondoka siku nyingi, ana watoto watatu shuleni. Alinunua kuku chotara 40 kwa hela ya kikoba. Kila mtu alimwambia kuku ni hela ya haraka. Walichomwambia kwa sauti ndogo ni kwamba chakula ndicho kinachokula faida. Mfuko wa kilo 50 unaonekana mkubwa siku unapoununua. Kuku mkubwa anakula kama gramu 120 kwa siku, kuku 40 wanakaribia kilo 5, mfuko unaisha kwenye siku ya kumi au kumi na moja. Bei ilipopanda, mayai yote yalikuwa yanarudi dukani kununua mfuko mwingine, na marejesho ya kikoba yalikuwa yanamsubiri Jumapili.

Akaona kwenye simu mtu anasema lisha majani tu, dukani usahau. Akafanya. Mchicha, kabichi za kuokota sokoni, matembele, asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza kuku walifurahi. Wiki ya tatu mayai yalipungua mpaka karibu yakatike, kuku wakaanza kudonoana manyoya. Akauza 15 kwa bei ya kutupa ili alipe marejesho.

Hapa nataka niwe mkali kidogo kwa hao wa kwenye simu. Majani karibu yote ni maji. Kilo moja ya mchicha ukiikausha unabaki na gramu 100 mpaka 150 za chakula. Ili kuku apate gramu zake 120 kwa mchicha mtupu, inabidi ale karibu kilo nzima kila siku, na yeye mwenyewe ana kilo moja na nusu au mbili. Siyo ng'ombe. Hana matumbo manne ya kusaga nyuzinyuzi. Wale bibi hawakuwahi kulisha majani peke yake, hata siku moja. Majani yalikuja na wishwa, yakaja na mchwa, yakaja na kuku kuzunguka kutwa nzima akijitafutia. Ukimfungia bandani ukambakizia majani tu, hujamrudisha kwenye asili, umemfunga jela na kachumbari.

Kinachofanya kazi, na ndicho alichokuja kufanya huyu mama kwa wale 25 waliobaki, ni kuchanganya. Pumba za mahindi kwa wingi, mashudu ya alizeti, vumbi la dagaa kutoka kwa wauza dagaa wa Kigoma na Mwanza, maganda ya mayai yaliyokaangwa kidogo na kusagwa kwa ajili ya chokaa. Majani ni juu ya hapo, konzi ya majani mabichi kwa kuku watatu au wanne kwa siku, akiyafunga fungu na kuyaning'iniza usawa wa kichwa cha kuku. Kuyaning'iniza siyo urembo. Yakiwa chini wanayakanyaga na kuyanyea, yakiwa juu wanayarukia, wanashughulika, wanaacha kudonoana. Mchana anawafungulia wazunguke. Hajasahau dukani kabisa, vifaranga bado anawanunulia chakula chao wiki za mwanzo, lakini kwa wakubwa mfuko haununui tena.

Majani anayapata bure au karibu na bure. Soko la Kachoma jioni wauza mboga wanatupa yale ya nje ya kabichi na mchicha ulionyauka. Anayaosha sana, maana dawa za wadudu zinapigwa, na yaliyooza anayaacha. Nyuma ya nyumba, pale maji ya kuoshea vyombo yanapopita, kaotesha mchicha kwenye viroba. Wiki tatu, nne, unachuma. Mlonge mmoja upo kwa jirani, majani yake anayakausha kivulini kisha anayaponda na kuyachanganya kwenye pumba. Wataalamu wengi wanashauri unga wa majani usizidi asilimia 5 mpaka 10 ya chakula chote, ukizidisha kuku wanashuka tena.

Yapo ya kuogopa. Kisamvu kibichi kina sumu ya sainaidi, kikate, kinyauke, bora ukianike kabisa. Maharage makavu mabichi, maganda na kokwa za parachichi, mabaki ya chakula chenye chumvi nyingi, vyote hapana. Na kwa sisi wa Tabora kuna tumbaku. Usichume majani ya kuku pembezoni mwa shamba la tumbaku, nikotini ni sumu na dawa za shambani ni sumu juu ya sumu. Pia majani hayazuii kideri. Chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, ni ya bei ndogo, na bila hiyo mengine yote niliyoandika ni kazi bure. Hapo tumemshinda staa wetu wa 1871. Ugonjwa ukipita kijijini kwake, alichoweza kufanya ni kubeba mmoja kwa mfumu.

Juzi nimepita kwa huyu mama, mvua ndiyo zinaishia ishia. Bati la jiko limejaa majani ya kunde yameanikwa. Nikamuuliza nsansa yote hiyo mtamaliza? Akaniambia nusu ni ya kuku, ya Septemba. Nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema hakuna aliyemfundisha, bibi yake alikuwa anafanya hivyo tu.

Nyie wa Urambo, Kaliua, Nzega, Uvinza, Ujiji, mliokulia kwa bibi: kuna mboga alikuwa anawachumia kuku ambayo mimi sijaitaja hapa, najua ipo. Iandikeni kwenye maoni kwa jina la kilugha kama alivyoiita, na kama mnalikumbuka jina la bibi mwenyewe, safari hii tajeni.